Kwa Nini Asali Haiozi, na Namna ya Kuitunza Isikuchachie

Dumu lilikuwa la lita 20, la njano, na nililifungua mwenyewe. Lilikuwa limekaa stoo kwangu Tanga tangu kabla ya masika, nyuma ya gunia la mkaa. Nilipozungusha kifuniko likatoa pumzi kama chupa ya soda iliyotikiswa, povu likapanda mpaka shingoni na kuanza kunitiririkia mkononi. Harufu ilikuwa ya pombe kabisa. Jirani aliyekuja kuazima kinu akachungulia, akacheka: "Shoga, kumbe siku hizi unapika wanzuki!"

Wateja wangu nilikuwa nimewaambia asali haiozi. Sikuwadanganya, ila sharti lake nilikuwa silijui: asali haiozi maadamu maji yake ni machache. Yakizidi kidogo tu, inachacha kama togwa. Tangu siku ile sinunui asali wala kuihifadhi kwa mazoea. Ninachofanya sasa ni hiki hapa, hatua kwa hatua, na mwishoni nitagusia vyakula vingine vya jikoni kwetu vinavyodumu kwa kanuni hiyohiyo.

Hatua ya 1: Elewa kwanza kinachoizuia kuoza

Chakula huoza kwa sababu kuna viumbe wadogo wasioonekana, yaani bakteria, chachu na ukungu, wanaokila kabla yako. Viumbe hao hawaishi pakavu. Wanahitaji maji, tena maji yaliyo huru, ambayo hayajashikwa na sukari wala chumvi. Wataalamu wa chakula huyapima maji hayo huru kwa namba inayoanzia 0, kitu kikavu kabisa, hadi 1, maji matupu. Nyama mbichi, maziwa na nyanya vinakaa juu ya 0.95. Bakteria wengi wanaoharibu chakula hushindwa kukua kikishuka chini ya 0.90 hivi, ukungu mwingi hukoma kwenye 0.80, na chachu sugu kuliko zote hufikia mwisho wake kwenye 0.60. Asali iliyoiva iko kati ya 0.50 na 0.60.

Imefikaje huko chini wakati inamiminika? Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, nyingi ikiwa ni fruktosi na glukosi, na maji ni asilimia 17 au 18 tu. Sukari hiyo yote imeyang'ang'ania maji hayo machache, haitaki kuyaachia. Bakteria akitumbukia humo, asali inamnyonya hata maji ya mwilini mwake. Kama umewahi kuosha vitunguu vya kachumbari kwa chumvi ukaona vinavyolegea na kutoa maji bakulini, umeshaona kinachompata.

Kazi hiyo wameifanya nyuki. Mbochi wanaouleta kutoka kwenye maua huwa na maji mengi, mara nyingi zaidi ya nusu. Wanaupokezana mdomo kwa mdomo, wanautandaza kwenye vijumba vya sega, kisha wanapiga mabawa usiku kucha kuupepea mpaka unene. Ukisogea karibu na mzinga jioni, msimu wa maua, utausikia mvumo huo. Wakiridhika, wanaziba kila kijumba kwa kifuniko chembamba cha nta. Kumbuka kifuniko hicho, maana kwa mnunuzi ndicho kitu cha maana kuliko vyote.

Wakati wanaupokezana, nyuki huchanganya mbochi na vimeng'enya vyao. Kimoja huigeuza sehemu ya glukosi kuwa asidi, na hapohapo hutoa haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ambayo hospitalini hutumika kusafishia vidonda. Ndiyo maana asali ina ukali: kipimo chake cha pH huwa karibu 3.9, jirani na juisi ya chungwa, ila utamu umeuficha. Kwa hiyo ulinzi ni wa aina tatu: ukosefu wa maji, asidi, na hiyo peroksaidi ambayo huongezeka asali inapochanganywa na maji kidogo. Wa kwanza ndio wenye nguvu. Ukiuvunja huo, hiyo miwili haikuokoi.

Usiniamini kwa maneno. Chukua vikombe viwili. Kimoja tia vijiko vitatu vya asali mbichi isiyochemshwa. Cha pili tia asali hiyohiyo vijiko vitatu na maji ya kunywa vijiko sita, koroga. Funika vyote kwa kitambaa, viweke mezani. Kwangu, kwa joto la Tanga, siku ya nne kikombe cha pili kilikuwa na viputo pembeni, na siku ya sita kilinuka pombe. Cha kwanza kilikuwa vilevile. Hivyo ndivyo wanzuki inavyopatikana, na muratina kule Kenya: chachu ilikuwemo ndani ya asali siku zote, imelala, ikisubiri maji.

Hatua ya 2: Nunua asali iliyoiva

Swali langu la kwanza kwa muuzaji siku hizi si bei. Ni hili: "Sega lilikuwa limefungwa?" Mrina asali wa kweli atakuelewa papo hapo. Sega ambalo angalau robo tatu ya vijumba vyake vimezibwa kwa nta lina asali iliyoiva. Ambalo liko wazi lina mbochi ambao bado unapepewa.

Mzee mmoja wa Sikonge, mkoani Tabora, alinionyesha jaribio lisilohitaji chombo. Alilishika sega ambalo lilikuwa halijafungwa, akalilaza, akalitikisa kwa nguvu mara moja kuelekea chini. Matone yakaruka kama maji ya kunawia. "Umeona, mwanangu? Hii nikiikamua leo, mwezi ujao utanitukana." Akalirudisha mzingani. Sega la pili alilitikisa vivyo hivyo, halikutoa hata tone.

Epuka asali iliyovunwa mvua ikiwa bado inanyesha, hasa kama muuzaji hakuweza kusubiri. Epuka pia iliyokamuliwa pamoja na majana, wale watoto wa nyuki weupe walio ndani ya sega. Majimaji yao yanaongeza unyevu na vitu vya kuoza, na asali ya namna hiyo huwa na weupe kama wa maziwa na ladha ya uchachu tangu mwanzo. Kwenye mizinga ya asili ya magome na ya magogo, majana na asali huwa karibukaribu, kwa hiyo mrinaji asiye makini, au aliyefukuzwa na nyuki wakali, hukomba vyote. Wala simlaumu, ila asali yake siinunui kwa kuweka.

Neno moja kuhusu asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo wengi huitafuta kwa dawa na bei yake iko juu. Hiyo kwa asili ina maji mengi, aghalabu zaidi ya asilimia 25, na ladha yake ina ukali kidogo hata ikiwa safi. Usiitegemee ikae kabatini mwaka mzima. Nunua kidogo, weka friji, itumie.

Hatua ya 3: Ipime

Viwango vya kimataifa vya chakula, Codex, vinataka maji yasizidi asilimia 20 kwenye asali ya kawaida. Chini ya asilimia 17 chachu haiwezi chochote, na kuanzia 20 kupanda, kuchacha ni suala la muda tu. Wafanyabiashara wakubwa wana kifaa kidogo kiitwacho rifraktomita: unaweka tone moja, unachungulia kwenye mwanga, unasoma namba. Kama unauza asali, kitafute. Kama huna, tumia mzani wa jikoni wa gramu. Asali ni nzito kuliko maji, na kadiri ilivyo na maji mengi ndivyo inavyopungua uzito.

Fanya hivi:

1. Chukua chupa ya nusu lita, kavu, yenye shingo nyembamba. Chora alama shingoni kwa kalamu ya wino usiofutika.
2. Pima chupa tupu, andika.
3. Jaza maji mpaka kwenye alama, pima, toa uzito wa chupa. Utapata kama gramu 500.
4. Mwaga, ikaushe kabisa. Juani, mdomo chini, siku nzima. Usiwe na haraka hapa.
5. Jaza asali mpaka alama ileile. Subiri viputo vipande vyote, ongeza kama imeshuka. Pima, toa uzito wa chupa.
6. Gawa uzito wa asali kwa uzito wa maji.

Ukipata 1.40 au zaidi, mfano gramu 700 kwa 500, asali ni nzuri. Kati ya 1.38 na 1.40, itumie mapema, usiiweke akiba. Chini ya 1.38 ina maji mengi, iache. Asali isiwe ya moto wala ya kutoka friji, maana joto hubadilisha hesabu. Nilikuwa na kichupa nilichokijaza kutoka kwenye lile dumu siku lilipofika, nikakisahau friji. Nilipokiacha mezani mpaka baridi ikatoka nikakipima, kikanipa 1.37. Dumu zima lilikuwa limehukumiwa kabla halijapanda basi.

Kipimo hiki kinakuambia habari ya maji peke yake. Asali iliyochanganywa na sukari guru nzito inaweza kukipita bila shida. Na zile njia za mtaani za kutambua asali halisi, kama kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha, kuidondoshea kwenye mchanga, au kuangalia kama sisimizi wanaikimbia, nimezijaribu zote. Sharubati nzito ya sukari inafaulu mtihani wa njiti na wa mchanga. Sisimizi wa nyumbani kwangu wamekula asali halisi ya Tabora, niliyoiona ikitoka mzingani kwa macho yangu, wakaitana na jamaa zao.

Hatua ya 4: Chuja, iache itulie, usiichemshe

Ukinunua masega, yavunje kwa mikono mikavu au kwa kijiko kikavu, uyaweke kwenye chujio juu ya ndoo safi, ufunike. Iache idondoke yenyewe. Chagua siku ya jua, kwa sababu kadiri asali inavyotandazwa ndivyo inavyokunywa unyevu wa hewani, na siku ya mvua hewa yetu ya pwani ni kama kitambaa kilicholoa.

Iliyochujwa iache ndoo imefungwa siku mbili hadi nne. Juu patajikusanya povu na vipande vya nta. Povu hilo la mwanzo ni hewa tu, halina ubaya. Likombe, kisha ujaze chupa.

Kuchemsha ndiyo tabia ninayoipiga vita kuliko zote. Watu huchemsha asali "kuua wadudu", ama kuifanya ionekane nyepesi na ing'ae. Moto huua vimeng'enya, hufukuza harufu ya maua, na huzidisha kemikali iitwayo HMF inayotokana na sukari kupashwa moto. Kwa kemikali hiyo Codex wameweka kikomo cha miligramu 40 kwa kilo moja ya asali, na 80 kwa asali ya nchi za joto, wakijua kwamba kwetu jua lenyewe limeshafanya sehemu ya kazi. Asali iliyo nyeusi sana, yenye ladha ya sukari iliyoungua, aghalabu imepitia sufuriani au imekaa juani barabarani wiki kadhaa. Si kila asali nyeusi, lakini. Rangi hutokana pia na maua.

Hatua ya 5: Chombo, kifuniko, mahali

Tumia chupa za vioo au plastiki ya chakula. Madebe ya bati na vyombo vya chuma vinaliwa na ile asidi niliyoitaja, na asali hupata ladha ya kutu. Ndoo iliyowahi kuwa na rangi au dawa haifai hata uioshe mara kumi.

Jaza mpaka karibu na mdomo. Hewa inayobaki juu ndiyo inayobeba unyevu. Asali hunywa maji kutoka hewani pale unyevunyevu wa hewa unapozidi asilimia 60 hivi, na Tanga, Mombasa au Unguja siku nyingi uko juu ya hapo. Maji yanayoingia hukaa juu, hayashuki upesi, kwa hiyo tabaka la juu huwa jepesi na chachu huanzia hapo hata kama chini asali ni nzito. Afadhali chupa kumi za nusu lita zilizojaa kuliko dumu moja linalofunguliwa kila siku.

Kisha kijiko. Kijiko kilichotoka kwenye chai kurudi kwenye chupa ya asali kimeharibu asali nyingi kuliko mvua. Kwangu kuna kijiko cha mti kinachokaa pembeni ya chupa, na watoto wanajua adhabu yake.

Mahali pawe na giza, mbali na jiko na dirisha. Friji haihitajiki kwa asali iliyoiva, itaigandisha tu uhangaike kuichota.

Hatua ya 6: Ikiganda

Wateja hurudisha chupa wakisema, "Dada, hii umetia sukari, ona chini." Kuganda si dalili ya uchakachuaji. Glukosi haipendi kukaa kwenye maji machache kiasi hicho, kwa hiyo hujitenga na kuwa chenga. Asali yenye glukosi nyingi huganda upesi. Ile ya maua ya alizeti, kama inayotoka Singida, inaweza kuwa ngumu kama samli ya baridi baada ya wiki chache. Na mahali penye baridi ya nyuzijoto 10 hadi 15 huganda upesi zaidi, ndiyo maana chupa niliyompelekea ndugu yangu Lushoto iliganda wakati chupa nyingine ya asali ileile ilikuwa bado inamiminika kwangu.

Kuiyeyusha: weka chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto kiasi cha kuvumilika na mkono, kama nyuzi 40. Maji yakipoa badilisha. Itachukua saa moja au mbili. Usiiweke jikoni moja kwa moja.

Jambo moja la kuangalia: chenga zinapojitenga, maji zilizokuwa zimeyashika hubaki kwenye sehemu inayomiminika. Asali iliyokuwa kwenye asilimia 19, ikiganda nusu, ile nusu nyingine inakuwa na maji ya kutosha kuamsha chachu. Ukiona tabaka mbili, iyeyushe na kuichanganya mapema.

Hatua ya 7: Ikichacha

Dalili zake ni kifuniko kutoa pumzi, povu linalorudi kila ukilikomba, harufu ya pombe au siki, na ladha inayowasha ulimi. Mtu mzima akilamba hataumwa, ila haiuziki na haitarudi ilivyokuwa. Kama imeanza tu, unaweza kuisimamisha kwa kuipasha kwenye maji ya moto mpaka asali yenyewe ifike nyuzi 63 na kukaa hapo dakika 30. Chachu itakufa, na vimeng'enya pia. Itumie kwenye maandazi, keki, au kupaka nyama ya kuchoma. Ikiwa imekwenda mbali, iongeze maji, iache iwe siki. Langu lile dumu liliishia hivyo, nikapata siki ya kachumbari ya miezi minane.

Onyo ambalo halina mjadala

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata ya kumlambisha kidogo kwa desturi. Ndani ya asali, hata iliyo safi kabisa, huweza kuwamo spora za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Kwenye asali hazikui, kwa sababu ileile ya maji, lakini hazifi pia. Zikifika kwenye utumbo wa mtoto mchanga, ambao bado haujajenga ulinzi wake, huamka na kutoa sumu inayolegeza misuli, mpaka ya kupumua. Kuichemsha nyumbani hakuziui. Na kidonda kisipakwe asali ya jikoni: ile inayotumika hospitalini huwa imepitishwa kwenye mionzi kuua spora hizo.

Vyakula vingine, kanuni ileile

Ukishaielewa asali, jiko lote la bibi linasomeka. Kinachobadilika ni njia ya kuyanyima maji uhuru.

Chumvi inafanya kazi ya sukari, tena kwa kiasi kidogo zaidi. Maji yaliyoshiba chumvi, ambayo ni kama asilimia 26 chumvi, yana kipimo cha maji huru cha 0.75, na bakteria wengi wameshakata tamaa hapo. Ndiyo siri ya ng'onda na papa mkavu. Pasua samaki, mtie chumvi mpaka ndani ya mishipa ya nyama, mwache usiku kucha maji yatoke, kisha juani. Dagaa hukaushwa bila chumvi nyingi kwa kuwa ni wadogo, ila watandaze juu ya chanja hewa ipite chini na juu. Wa mchangani hukauka upande mmoja na kukupa kokoto upande wa pili. Masika ng'onda akitoa madoa mekundu yenye utelezi, hao ni bakteria wachache wanaopenda chumvi. Mtupe.

Usukumani wana michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza. Kipande kikiwa tayari hukatika kwa mlio. Kikipinda kama ngozi, rudisha juani.

Samli ni tofauti kidogo: humo maji yametolewa yote. Pika siagi kwa moto mdogo na usikilize. Mwanzo inapiga kelele, ni maji yanayotoka. Kelele zikinyamaza na mabaki ya maziwa chini yakiwa ya kahawia, epua na uchuje kwenye chombo kikavu. Bakteria hawana cha kufanya humo. Itakachopata baada ya miezi ni harufu ya mafuta ya zamani, kutokana na hewa na mwanga, kwa hiyo ifunge na kuificha. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya hutumia mafuta kwa ujanja huohuo kwenye nyirinyiri: nyama hukatwa vipande, hukaushwa, hukaangwa mpaka maji yaishe, kisha huzamishwa kwenye mafuta na kukaa miezi.

Achari ya ndimu hutegemea asidi na chumvi kwa pamoja. Chini ya pH 4.6 yule Clostridium hawezi kukua, na ndimu iko chini sana ya hapo. Lakini vitunguu saumu au pilipili vikizamishwa kwenye mafuta matupu bila siki wala ndimu havina ulinzi huo, na mafuta huifungia hewa nje, hali anayoipenda bakteria huyo. Tia siki kwanza, au weka friji na umalize ndani ya siku chache.

Nimeacha mahindi mwisho kwa sababu hapo mchezo unaweza kuua. Mahindi ya kuweka ghalani yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yakizidi, ukungu huota na kutoa sumukuvu, ambayo haitoki kwa kuosha wala kupika. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi ya namna hiyo.

Kama huna kipima unyevu, tumia chumvi na chupa. Chukua chumvi ya mezani vijiko viwili, ikaushe vizuri juani au kwenye kikaango, ipoe. Tia kwenye chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, ongeza mahindi mpaka robo ya chupa, ziba. Tikisa dakika tatu, kisha iache itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikibaki chini ikiwa huru, unyevu uko chini ya asilimia 15: anika siku moja au mbili zaidi kufikia kile kiwango, ndipo ujaze magunia na kuyapanga juu ya mbao, mbali na ukuta. Chumvi ikishikamana na kioo, rudisha mahindi yote juani, juu ya turubai na si ardhini, na jioni ya kesho ujaribu tena kwa chumvi nyingine kavu.